Furu Sita

Waliniletea jora usiku, rangi ya kiini cha yai,
limetoka kiwandani kwa mlango usio wa wateja.
Magesa wa besi akasema: Nyamizi, bugaluu,
chini uachie inchi kumi na nne.
Nikamwuliza, tunashona suruali au tunajenga hema?

Daftari la vipimo ninalo bado.
Juni sabini na tano. Magesa, kiuno ishirini na nane.
Lushinge wa ngoma, ishirini na saba,
paja la kulia nene kuliko la kushoto: mguu wa kukanyagia.
Rwezahura wa kinanda, aliyefundishwa na masista Bukoba,
mabega yamepinda kama bado anaogopa rula.
Bwire wa gitaa. Ndaro na mdogo wake, tarumbeta,
kipimo kimoja, nimeandika mara moja.
Furu Sita, walijiita, kwa wembamba wao.
Kokugonza mwimbaji alikuwa wa saba.
Hakuhesabiwa. Nilimshonea kwanza.

Jumamosi, Kirumba, nilisimama karibu na mlango
nikichunga mishono yangu.
Gitaa la Bwire lilikwaruza
kama kisu kinachoparua magamba mwaloni,
chwa, chwa-chwa, chwa.
Lushinge aliliangusha pigo la kwanza kwa uzito wake wote,
mengine akayaacha yajitafutie riziki.
Besi haikuimba. Ilitembea
kama mtu anayejua aendako na hana deni njiani.

Afisa utamaduni akaja na kalamu:
muziki huu hauna ujumbe.
Wakaongeza beti mbili za kilimo cha pamba,
panda kwa mistari, palilia mapema,
na ukumbi mzima ukapalilia kwa viuno hadi saa tisa.

Walikwenda Musoma. Walikwenda Nansio,
jenereta ikafa katikati ya wimbo
na Kokugonza akaumaliza gizani, peke yake, bila haraka.
Walikwenda Nairobi wakarudi na santuri moja,
upande mmoja ukisikika vizuri.
Jina la mwimbaji halikuandikwa.

Halafu vita. Tukapaka taa za magari rangi ya bluu,
ukumbi ukafungwa jua likizama.
Lushinge alikwenda na mgambo
akarudi na sikio moja.
Sasa alichelewa nusu pigo.
Magesa akachelewa naye, makusudi,
kisha Bwire, kisha tarumbeta zote mbili,
ili asijulikane.
Wajuzi wa mjini walisema Furu wamebuni mtindo mpya.

Sabuni ikawa ya foleni, uzi ukawa wa kubembeleza.
Kiwanda kikaja kuchukua mali yake.
Karani alisoma: kinanda kimoja, vipaza sauti viwili,
ngoma seti moja, kasoro kanyagio.
Lushinge alitazama mawe ya mlimani
kama mtu asiyesikia upande huo.

Kufikia hapo sangara walishakomaa ziwani.
Furu wa kweli ukawaona kwa bahati,
wawili watatu, chini ya beseni la dagaa.
Ndaro mkubwa alipata kazi ya minofu,
koti jeupe, buti za mpira; halikuwa koti langu.
Mdogo wake sijui.
Rwezahura alirudi kwa masista wake.
Kokugonza alivuka kwenda Kisumu, akaniandikia mara moja:
kiuno sasa thelathini na sita,
nishonee kitu cheusi, nina msiba, usiulize wa nani.
Nilishona. Sikuuliza.

Mwaka jana mke wa Lushinge aliniletea ile suruali:
mwenyewe hana haja nayo tena, ikate.
Mguu mmoja ulitoa foronya mbili,
na kipande kikabaki.
Chini ya kitambaa, mfukoni mwa kapu lake,
kitu kizito cha chuma. Hatukukitaja.

Magesa bado huja. Arobaini na moja sasa,
suruali ya harusi ya binti, chini nyembamba, mtindo wa leo.
Juzi alikaa akinisubiri nimalize pindo,
akaanza kucheka peke yake.
Nini?
Mguu wako, akasema, kwenye cherehani.
Unachelewa nusu pigo.